Mbwa Wetu na Veranda ya Mama

Mbwa wetu alianza kuzeeka kutokea nyuma. Kichwa kilibaki kile kile cha ujanani, masikio yakisimama kila lango lilipolia, lakini miguu ya nyuma ilikuwa imeshaamua mambo yake. Ungemwona anataka kuinuka. Miguu ya mbele inajikaza, kifua kinanyanyuka, halafu anabaki hapo, nusu amesimama nusu ameketi, akiukodolea macho ukuta kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Kisha anajaribu tena.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, katika mtaa mmoja wa nyumba za kaunsili ya jiji huko Eastlands, Nairobi, kila nyumba na veranda yake ndogo na ua wake wa michongoma. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikaa nyumbani nikisubiri kuitwa chuo, kazi isiyo na saa ya kuingia wala ya kutoka. Wakubwa wangu walikuwa wameshaondoka kila mmoja na maisha yake, tukabaki watatu. Baba alikuwa mchongaji wa vinyago kwenye karakana karibu na Soko la Burma. Mama alikuwa karani katika ofisi moja mjini. Mimi, kwa maneno ya mama, nilikuwa mlinzi wa kiti cha sebuleni. Wa nne alikuwa mbwa, aliyeletwa kwetu nikiwa darasa la kwanza, akaja ndani ya kikapu cha viazi na kutapika juu ya sare yangu mpya.

Jioni moja mwezi wa tisa, tukila, baba aliweka kijiko chini.

"Disemba tunaenda nyumbani," alisema. "Huyu mbwa akiwa hawezi kusimama mwenyewe, siwezi kumwachia mtu mzigo huo. Nitamwita daktari wa mifugo amdunge ile sindano."

Sote tulijua ni sindano gani. Mama aliniambia nile, chakula kinapoa. Nilikula, lakini nilikasirika sana, na mimi nikikasirika huwa nataka kujua mambo. Nilitaka kujua kwa nini mnyama aliyekimbia salama miaka kumi na zaidi aishiwe na miguu ya nyuma tu, na kama kuna kitu mtu anaweza kufanya. Kesho yake nilichukua daftari la hesabu lililokuwa na kurasa zilizobaki, nikaanza kuhesabu. Kila asubuhi nilikaa kwenye kigoda karibu naye, nikaandika ameinuka kwa jaribio la ngapi. "Jumatatu: mara ya tatu. Jumanne: mara ya pili." Hayo tu. Sikujua bado nayatafutia nini.

Baba ndiye aliyenionyesha miguu yenyewe. Alikuwa amechonga swala na twiga maisha yake yote, na alikuwa na tabia ya kumpapasa mnyama yeyote aliyempata karibu, hata mbuzi wa watu barabarani, mpaka mama akawa anaona aibu kutembea naye. Alipiga magoti kando ya mbwa, akaushika mguu wa nyuma kwa vidole vyake vyenye makovu ya tezo yake ya kuchongea.

"Hapa panaitwaje?" aliniuliza, akigusa pale mguu wa mbwa unapopinda kuelekea nyuma.

"Goti."

"Hiki ni kisigino. Goti liko juu, hapa, karibu na tumbo. Mbwa anatembea kwa vidole siku zote, kisigino hakigusi chini. Wanafunzi wangu wote wanakosea hapo. Wanachonga mnyama mwenye magoti ya kinyume, halafu wanashangaa kwa nini anaonekana mgonjwa."

Nilichuchumaa nikatazama kama naonyeshwa mbwa kwa mara ya kwanza. Miaka yote hiyo nilikuwa naishi na kiumbe anayetembea kwa ncha za vidole, na sikujua. Baba akapandisha mkono hadi kwenye nyonga, akaukunja mguu taratibu, na mbwa akageuza kichwa akamtazama. Hakubweka wala kuuma. Alitazama tu, na baba akauachilia mguu mara moja.

"Ni hapa," alisema. "Huku chini hakuna shida. Panasaga hapa juu."

Niliandika: "Nyonga."

Daktari wa mifugo alikuja wiki iliyofuata, mtu mwembamba mwenye viatu vya mpira, aliyezoea ng'ombe wa maziwa na aliyeshangaa kidogo kuitwa kwa sababu ya mbwa wa mtaani asiye na kichaa. Alimkunja huku na kule, akamzungusha kwenye ua. Alisema viungo vimechakaa, ni uzee, havirudi kuwa vipya, lakini mbwa anaweza kuishi navyo vizuri akisaidiwa. Apunguzwe uzito. Atembezwe kila siku, mwendo mfupi, asikimbizwe na asiachwe alale siku nzima. Alale mahali pakavu na laini. Baba akauliza kuhusu zile tembe za maumivu na dawa ya kuchua tulizokuwa nazo kabatini.

"Msithubutu," daktari alisema. "Dawa ya watu inaweza kumuua mbwa. Na hiyo ya kuchua pia msimpake, atairamba."

Aliposikia kuhusu supu, alicheka. Maana sisi tulikuwa tumeshaanza matibabu yetu. Eastlands nzima inajua kwamba mtu akivunjika mguu anapewa supu ya mifupa, mfupa uende kwa mfupa. Kila Jumamosi mchana baba alipotoka kazini alipitia Burma kwa muuza nyama aliyemfahamu, akaja na mfuko wa mifupa yenye uboho. Mama aliichemsha mpaka mafuta yakaelea, na mbwa akanywa sufuria nzima. Alikuwa ameota kiriba cha tumbo kama mwenyekiti wa chama.

"Mnamwongezea mzigo wa kubeba," daktari alisema. "Miguu ndiyo mibovu, nyinyi mnaongeza gunia mgongoni."

Kwa hiyo supu ikaondolewa mafuta, ikapunguzwa, na ugali ukapimwa kwa bakuli. Mbwa alinuna siku tatu. Nilimtembeza asubuhi na jioni hadi kwenye kibao cha kituo cha basi na kurudi, vijana wa mtaani wakituzomea. "Niaje, siz, unapeleka guka kliniki?" Siz ni dada, guka ni babu. Niliwajibu kwamba guka ana adabu kuliko wao. Mwezi wa kumi ulipofika, kiuno chake kilianza kuonekana tena, na daftari likaanza kusema kitu.

Lilisema kitu cha ajabu. Katikati ya wiki mbwa alikuwa anaendelea vizuri. Alhamisi na Ijumaa aliinuka mara ya kwanza, akajinyoosha, akaenda zake. Jumapili: mara ya nne. Jumatatu: mara ya nne, na safari moja akaanguka kwa ubavu. Jumanne mara ya tatu, Jumatano mara ya pili, halafu anapona tena hadi Ijumaa. Wiki baada ya wiki hivyo hivyo. Mbwa alikuwa anaugua kwa kalenda.

Nilimwonyesha baba. Alivaa miwani akasoma kurasa zote, jambo ambalo hakuwahi kulifanyia ripoti yangu ya shule.

"Ni mifupa ya Jumamosi," alisema.

Nami nilifikiri hivyo. Jumamosi ndiyo siku ya Burma. Tukaiacha mifupa kabisa, hata harufu yake. Jumapili iliyofuata: mara ya nne. Nikafikiri labda ni baridi ya saruji, kwa kuwa Jumapili asubuhi tunaenda kanisani na yeye hulala bila kutembezwa. Nikakosa kanisa kwa makusudi, nikamtembeza, mama akanifokea jioni nzima. Mara ya nne. Nikafikiri labda Jumamosi anacheza na mbwa wa jirani. Nikakaa getini nikimlinda. Hakucheza na yeyote.

Muda ulikuwa unakwenda. Baba hakuirudia ile habari ya sindano, lakini nilimwona siku moja akimpapasa mbwa nyongani huku akitazama kando, na nikaogopa. Niliogopa kwa sababu najua baba anavyougusa mti anaotaka kuutupa.

Siri ilifumbuliwa na mtu ambaye hakuwahi kumgusa mbwa wetu hata siku moja.

Mkabala na nyumba yetu kulikuwa na duka la mzee mmoja wa kutoka Pwani, Mwislamu mwenye kanzu isiyo na doa. Alituuzia unga na mafuta ya taa, na alinifundisha kumwamkia shikamoo, salamu ambayo sisi watoto wa Nairobi tulikuwa tumeitupa. Mbwa akimgusa kwa pua yenye unyevu ilimlazimu abadili nguo na kuiosha upya kabla ya swala, kwa hiyo miaka yote hiyo alikuwa anaishi kwa tahadhari. Siku hiyo nilienda kununua chumvi, daftari likiwa kwapani, akaniuliza nasoma nini. Nilimweleza.

"Mwanangu," alisema, "mimi mbwa wenu namjua kuwashinda nyinyi. Nyinyi mwamwangalia mkipenda. Mimi nisipomwangalia naharibikiwa na nguo."

"Basi niambie, Mzee. Jumamosi kunani?"

"Jumamosi yuateleza. Nikikaa hapa mlangoni nazisikia kucha zake pale kwenu, kwaru, kwaru, kwaru. Yuataka kuinuka, miguu yamkimbia. Siku nyingine sizisikii kucha. Mamako akipiga polishi, mimi najua leo mbwa hatavuka kuja huku, nitaswali kwa raha."

Nilisimama na chumvi yangu mkononi. Nilitaka kucheka na nilitaka kujipiga kofi.

Lazima nieleze veranda ya mama. Zilikuwa nyumba za kaunsili, hazikuwa zetu, kuta zilikuwa zinabambuka rangi na bomba lilikuwa linavuja tangu nizaliwe. Lakini sakafu ya veranda ilikuwa ya mama. Ilikuwa saruji nyekundu, na kila Jumamosi alasiri mama alivua nguo za heshima, akafunga leso kiunoni, akapiga magoti na kopo la polishi na kitambaa cha sweta kuukuu, akaisugua kuanzia ukutani hadi ngazi ya mwisho, mpaka ukaweza kuona ndani yake wingu likipita. Mtaa mzima ulipima wanawake kwa veranda zao. Mimi niliwahi kusaidia mara moja nikiwa kidato cha pili, nikaacha mistari, mama akairudia yote mwenyewe. Tangu hapo sikuitwa tena, na sitasema uongo, nilifurahi kutoitwa.

Hapo ndipo mbwa alipolala. Hapo ndipo alipojaribu kuinuka, na nyonga mbovu, kwenye kioo. Kufikia katikati ya wiki, vumbi na viatu vyetu vilikuwa vimeua ule mng'aro, akapata pa kushika. Kisha Jumamosi ikaja tena. Mimi nilikuwa nimehesabu majaribio kwa miezi miwili nikimtazama mgongo na uso, sikuitazama sakafu hata mara moja. Na baba, mtu anayewapaka swala wa mti rangi ya viatu na kuwang'arisha kutoka asubuhi hadi jioni, hakuona pia.

Nilimwambia mama jioni hiyo, kwa furaha, kama mtu aleteaye habari njema. Alinisikiliza akichambua mchele.

"Kwa hiyo ni mimi ninayemuua," alisema.

"Sijasema hivyo."

"Umeandika kwenye kitabu."

Nikamweleza kwamba tunahitaji kuacha polishi kwa muda na kutandika magunia, mbwa apate pa kukanyaga. Alisema veranda yake haitafunikwa magunia kama ghala la mahindi. Alisema wanawake wa kanisa wangekuja kwake kwa maombi Jumamosi ya kwanza ya Disemba, na zamu hiyo aliisubiri mwaka mzima. Alisema mbwa ni mbwa. Baba alikohoa, akajifanya anatafuta redio. Nilikuwa nafungua mdomo kusema jambo ambalo lingenifukuzisha nyumbani, mama akaninyooshea kidole.

"Wiki moja," alisema. "Na utaisugua wewe, hiyo polishi yote itoke. Mimi mkono wangu hautabandua kitu nilichokipaka."

Jumamosi hiyo nilipiga magoti na maji ya moto na sabuni ya unga. Polishi ya miaka haitoki kirahisi. Nilisugua kwa brashi, nikakwangua kwa kisu, maji yakawa mekundu kama ya machinjioni. Kabla ya kufika nusu, magoti yalikuwa yananiuma hata nikashindwa kuyanyoosha, nikainuka nimeshika ukuta. Nikajiambia ni kwa sababu sijazoea. Nilienda kabatini kutafuta dawa ya kuchua, nikakuta chupa imebaki tone. Nilikuwa nimeiona imejaa mwezi uliopita. Nilimshuku baba kwamba anampaka mbwa kwa siri licha ya daktari, nikamwendea kwa ukali. Aliapa hajaigusa.

Mzee wa duka alileta magunia manne ya katani, yale ya sukari, akayarusha juu ya ua bila kuingia. Niliyafua, nikayakausha, nikayashona pamoja kwa sindano kubwa, nikayatandika kuanzia mahali mbwa anapolala hadi chini ya ngazi.

Jumapili: mara ya pili.

Mama alisimama mlangoni na Biblia yake, akamtazama mbwa akishuka ngazi mguu baada ya mguu bila kuteleza. Jumamosi iliyofuata kopo la polishi halikutoka kabatini, wala Jumamosi ile nyingine. Wanawake wa kanisa walikuja, wakapita juu ya magunia na viatu vyao vya Jumapili. Mmoja wao, mwenye veranda iliyosifika kuliko zote, aliuliza kama tunafanya ukarabati.

"Mbwa ni mgonjwa," mama alijibu. "Karibuni ndani."

Nilikuwa jikoni na chai. Sijawahi kumpenda mama kama wakati ule, na sikumwambia.

Jumapili ya mwisho kabla ya safari, baba alisema sasa tuone. Daktari alikuwa ameambiwa asubiri ujumbe. Tulitoka sote watatu kwenye veranda baada ya kanisa. Baba aliegemea nguzo. Mama alikaa kwenye kigoda changu cha kuhesabia, akiwa bado na nguo yake ya samawati. Mimi nilisimama na daftari. Mbwa alikuwa amelala kwenye gunia, jua likimpiga tumboni, na hakujua kama kuna mtihani. Mzee wa duka, ng'ambo, alijifanya anapanga sabuni.

Baba alipiga mluzi.

Mbwa aliweka miguu ya mbele. Akakaza kifua. Nyonga ikatetemeka, nikaona vidole vya nyuma vikijikunja na kung'ata nyuzi za katani, na akasimama. Mara ya kwanza. Akajikung'uta masikio, akashuka ngazi, akaenda kukojolea michongoma ya jirani kama kijana.

Baba alivua kofia, akaivaa tena. "Basi atabaki," alisema. "Nani atamlisha?"

"Nitamlisha mimi," mzee wa duka alisema kutoka ng'ambo. "Nileteeni upawa wenye mpini mrefu."

Tulicheka sana. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso, kisha akataka kuinuka aende kupakua chakula. Aliweka mikono kwenye mapaja. Kifua kikanyanyuka kwanza. Halafu akabaki hapo, nusu amesimama nusu ameketi, akitazama ukuta. Akarudi chini kidogo. Akajaribu tena.

Mimi nilikuwa na mazoea ya miezi mitatu. Midomo yangu ilikuwa inahesabu kabla akili haijaniambia ninahesabu nini. Mara ya pili. Nikaikumbuka ile chupa ya dawa ya kuchua, na kitambaa cha sweta, na Jumamosi zote za maisha yangu ambazo nilikaa sebuleni nikisikia kitambaa kikienda na kurudi huko nje. Mara ya tatu, akasimama, mkono mmoja ukutani. Tulikuwa tumeita daktari, tumepima ugali, tumeshona magunia. Hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza.

Aligeuka akaniona, midomo yangu na kalamu yangu.

"Hiyo usiandike," aliniambia.

Sikuiandika. Nilienda kupakua chakula mimi. Mbwa aliishi miaka miwili zaidi juu ya magunia yale, na kopo la polishi likakauka kabatini, na mama hakuniruhusu hata siku moja niyataje magoti yake mbele ya watu. Sasa hayupo wa kunikataza, ndiyo maana naiandika leo. Jumapili: mara ya tatu.